Mlango Usiosikia Hodi

Nilikuwa dereva wa watalii kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi ile ilinifundisha kutamani milango ya watu. Niliwafikisha wageni kwenye loji za upande wa Momela, majumba ya mawe meusi na magogo, nikashusha mabegi, nikayapanga barazani, kisha mlango mkubwa ukafungwa mimi nikiwa nje. Haukupiga kishindo. Ulijifunga taratibu, na ukishajifunga, vicheko vya ndani na sauti za vijiko vinakatika mara moja. Nikabaki na injini inayopoa. Kila mara nilisimama pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, nikiuangalia ule mlango, nikijiambia kwamba siku moja nitakuwa na wa kwangu, na siku hiyo mimi nitakuwa upande wa ndani.

Wakati ule tulikaa mjini, Daraja Mbili, nyumba ya vyumba vitatu iliyobanana na nyumba za majirani, geti la bati, mlango wa mbao nyepesi ambao ukiuegemea unalia. Kuanzia asubuhi ni hodi tu. Hodi ya maziwa, hodi ya mkaa, hodi ya jirani anayetaka chumvi, hodi ya wanakwaya wenzake na mke wangu. Yeye aliitikia "karibu" akiwa jikoni, akiwa bafuni, na nadhani hata katikati ya sala. Mimi niliyerudi kutoka porini na masikio yaliyojaa mngurumo wa gari nilinuna chumbani. Nilimwambia nyumba yetu imekuwa stendi. Akanijibu kwamba nyumba isiyopigwa hodi ni stoo. Tulitaniana hivyo miaka na miaka, yeye akicheka, mimi nikijifanya sicheki.

Alifariki mwaka uleule niliostaafu. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, watoto wetu wawili wakarudi makwao, mmoja Mwanza na mwingine nchi za watu. Ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: hodi zote zile zilikuwa zake. Hakuna aliyekuwa anakuja kwangu. Muuza maziwa aliweka chupa getini akapita zake. Niliishi mwaka mzima kwenye ule ukimya niliokuwa nikiuomba, na nilikonda.

Nikaamua kurudi mlimani, kwetu. Baba yetu alituachia shamba juu ya Makumira, migomba na kahawa, kaka yangu akiwa sehemu ya chini na mimi ya juu. Sehemu yangu ilikuwa na nyumba ya zamani ya baba, ya mbao, imeinama upande mmoja na haina mtu wa kukaa. Kaka amenizidi miaka kumi na miwili. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado kijana, na huyu kaka ndiye aliyenilea, ndiye aliyeshuka nami kwa miguu hadi barabara kuu siku niliyokwenda kujifunza udereva, akasimama pale mpaka gari lilipoondoka. Nilirudi kwa ajili ya shamba, ndiyo, lakini zaidi nilirudi kwa ajili yake. Nilitaka azeeke akiwa anaingia na kutoka kwangu. Hilo sikumwambia. Wanaume wa kwetu hatuambiani mambo kama hayo, tunaambiana habari za mvua.

Nyumba niliyoitaka nilikuwa nayo kichwani siku nyingi. Kuta za mawe, yale meusi ya mlima yenye vitundu, yaliyochongwa upande mmoja tu ili uso ubaki wa asili. Juu ya madirisha hadi kenchi za paa, mabanzi. Banzi ni lile gamba la pembeni linalobaki gogo linapopasuliwa, upande mmoja bapa na mwingine una magome. Loji za Momela zilijengwa hivyo na wageni walizipiga picha. Nilipomwambia fundi wangu, alivua kofia, akaivaa tena. Akaniuliza kama na nguruwe nitaweka. Kwao na kwetu mabanzi ni ya banda la mifugo na choo cha muda, na mtu anayeyapigilia kwenye nyumba ya kuishi ni yule aliyeishiwa. Nikamweleza kwamba huo ndio mtindo. Akasema sawa mzee, mtindo ni wako, lakini akaniomba nisimtaje watu wakiuliza nani kajenga.

Tulibishana kuhusu kila kitu cha nje. Yeye alitaka lipu na rangi ya krimu, kama nyumba za watu wenye akili. Mimi nilitaka jiwe lionekane. Yeye alitaka bati jekundu, mimi nilitaka la kijani lipotelee kwenye miti. Mabanzi tuliyapaka mafuta machafu ya gari ili mchwa wasiyasogelee, na kwa wiki mbili shamba zima lilinuka gereji, jambo lililonifanya nijisikie nyumbani. Na ndani nikajengewa meko ya kuotea moto, ya mawe, na bomba la moshi lililotoka juu ya paa. Watu waliokuwa wanapita njia ya kanisani walisimama kuangalia. Nilijivuna, siwezi kukataa.

Kaka alikuja kila asubuhi. Alikaa juu ya rundo la mawe na fimbo yake katikati ya magoti, akatazama, akatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Hizo ndizo asubuhi nzuri nilizopata tangu mke wangu afariki. Siku moja alinyoosha fimbo kuelekea nyumba ya zamani, ambayo tulikuwa tunaivunja polepole, akasema mlango wa mbele nisihangaike nao, upo. Alimaanisha mlango wa baba.

Ule mlango baba aliutengeneza mwenyewe, kwa mringaringa, mti ambao wazee walichongea mizinga ya nyuki. Mbao mbili pana zilizosimama wima, zimeshikwa kwa vipande vitatu nyuma. Mbao zilipokauka zikaachana, na katikati pakabaki ufa ambao kidole cha mtoto kinapita. Nilipokuwa mdogo tuligombania ule ufa, hata kaka ambaye alikuwa tayari kijana. Ukiweka jicho unaona nani anakuja, na ukiweka sikio unamsikia akipumua kabla hajapiga hodi. Mama alikuwa anaziba ufa kwa kitambaa msimu wa baridi, na sisi tunakitoa.

Kaka aliposema vile, mimi nilijibu: "Tutaangalia."

Ni neno la mjini. Nimelitumia kazini miaka yote. Mgeni akitaka tupite njia ambayo najua haipitiki, nilimwambia tutaangalia, naye akaelewa kwamba jibu ni hapana iliyopakwa sukari. Lakini kaka yangu hajawahi kufanya kazi mjini. Kwake, kuangalia ni kuangalia. Alinielewa kwamba nitauchukua mlango, niukague, nione wapi pa kurekebisha. Alirudi kwake amefurahi. Nilimwona alivyofurahi, na sikumrekebisha.

Wiki iliyofuata mafundi walikuwa wanamwaga zege la baraza na walikosa mahali pa kukorogea. Mmoja wao akauchukua mlango wa baba uliokuwa umeegemezwa kwenye mgomba, akaulaza chini, akaniuliza kama inafaa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Ningependa kuandika kwamba sikuona, au kwamba nilikuwa nimeshuka Usa River kununua misumari. Niliona. Nikasema sawa. Mbao ni mbao, nilijiambia, na ya kwangu inakuja nyingine nzuri zaidi. Wakamwaga kokoto, mchanga na saruji juu yake, wakaanza kugeuza kwa makoleo.

Kaka alifika saa nne kama kawaida yake. Hakukaa juu ya mawe. Alisimama akatazama makoleo yanavyopiga ule mlango, juu chini, juu chini.

"Baba alizipiga randa hizo mbao akiwa anaumwa," alisema. Kisha akaniangalia mimi. "Ulisema utaangalia."

Akageuka akashuka. Sikumwita. Kulikuwa na mafundi pale, na mimi ndiye bosi, na bosi hakimbilii mtu kwenye migomba. Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Nilijipa sababu kwamba mzee ana hasira za karibu na zitapita, akishaona nyumba imesimama atakuja mwenyewe. Sikwenda kuomba radhi. Kila siku iliyopita ilifanya kwenda kuwe kugumu zaidi, na nyumba ikaendelea kupanda kwa mawe yake mazuri, na mimi nikaendelea kutazama njia.

Basi nikauweka moyo wangu wote kwenye mlango. Nilimpata seremala mmoja Usa River, mtu wa maneno machache, nikamwambia nataka loliondo. Ni mbao ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, ina mistari ya kahawia kama kahawa iliyomwagika kwenye maziwa, na nzito ajabu. Alinionyesha mninga kwanza, akanionyesha mkongo, akaniambia hizo zote mbili zitadumu hadi zinizike. Nikasema loliondo. Akaniuliza unene, nikamwambia unene ambao mvua ya mwezi wa nne haisikiki. Akacheka, akafikiri natania. Nikamwomba atie mpira kuzunguka fremu yote, na chini kabisa ukanda wa mpira unaofagia sakafu ili upepo wa mlimani usipate pa kupenya. Alifanya kazi nzuri, siwezi kumlaumu kwa lolote. Aliniuliza kama nitaweka kengele, maana mlango wa namna ile ni vizuri uwe na kengele. Nikaweka, na kitufe cheupe pembeni, kwenye jiwe.

Siku ya kuufunga walikuja wanaume sita kuubeba. Bawaba zilikuwa nne badala ya tatu. Walipomaliza, niliwaaga, nikaingia ndani, nikausukuma kwa kidole kimoja. Ukajifunga taratibu, vilevile kama kule Momela. Mafundi walikuwa bado barazani wanakusanya vyombo vyao na kubishana juu ya mpira, nami sikusikia hata neno. Nilikaa kwenye kiti mbele ya meko nikawasha moto. Nilikuwa upande wa ndani hatimaye, na nilikuwa na furaha kwa muda wa kama nusu saa.

Kisha nikaanza kungoja watu. Kwetu mtu akihamia nyumba mpya watu wanakuja. Hawaalikwi. Wanakuja na mkungu wa ndizi, na maziwa, na maneno ya kukosoa. Nilinunua vikombe sita. Nilinunua majani ya chai ya kutosha harusi. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili alikuja kijana wa umeme, akabonyeza kengele, nikaruka kwenye kiti kama niliyeumwa na siafu, nikamlazimisha anywe chai vikombe viwili ndipo asome mita. Wiki ya tatu mwanamke mmoja anayeuza vitabu vya dini alibonyeza kengele, naye nikamlazimisha. Wa mlimani hakuna.

Ukafika mwezi wa sita, ule wakati ambapo mlima unajifunika na ukungu unashuka hadi kwenye migomba, na jua hulioni siku tano. Niliwasha moto asubuhi na kuuzima jioni. Nilianza kuongea na birika. Nilianza pia, na hili linanitia haya, kuwasema watu wa kwetu vibaya kimoyomoyo. Nilisema wana wivu. Nilisema mabanzi yamewachoma, wameona jiwe, wameona bomba la moshi, sasa wanajifanya hawanioni. Hata kaka nilimsema. Nilisema mtu mzima anayebeba kinyongo kwa sababu ya mbao mbili zilizopasuka ana lake jambo. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, lakini mimi nilikuwa sijafika hata kwenye kumzaa mtoto.

Jumapili moja baada ya ibada, shemeji, mke wa kaka, alinikuta nje ya kanisa. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Kisha akasema alikuwa ameapa asiniambie, ila ameshindwa.

"Kaka yako amekuja kwako mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza nilimpa sufuria la loshoro ya mahindi na mtindi akuletee, nikamwambia wewe ni mkubwa, samehe. Alipiga hodi tatu. Moshi unatoka juu, gari lipo, na mtu haitikii. Akarudi nalo. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu akasema, nimeelewa."

Nilimwambia sikusikia. Akanitazama sasa, kwa ile huruma anayopewa mtu anayedanganya mbele ya kanisa. Nilimwambia kuna kengele. Akaniuliza kengele gani. Nikamweleza kitufe kilipo. Akasema wazee watajuaje kwamba kile ni kitufe, na hata wakijua, nani atakwenda kubonyeza ukuta wa mtu. Na kuugonga mlango wa watu kwa ngumi ni kazi ya mgambo. Mtu wa heshima anasimama pembeni, anatoa sauti, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikiwa anajua, anaondoka. Hayo yote niliyajua. Nimezaliwa nayo. Akaongeza kwamba si kaka peke yake. Mzee wa kanisa alikuja. Jirani wa juu alikuja na ndizi. Wote walirudi na mizigo yao, na wote waliuona moshi.

Nilirudi nyumbani nikafanya kitu ambacho mtu aliye na mwenzake asingehitaji kukifanya. Sikuwa na wa kumwambia asimame nje apige hodi nimsikilize. Basi nilichukua redio, nikaitafutia stesheni ya mahubiri, nikaiweka barazani kwenye ngazi ya mwisho, nikaongeza sauti. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti changu mbele ya meko. Nilisikia kuni. Nilisikia saa ya ukutani. Nilikaa robo saa nzima nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipofungua, mhubiri alikuwa anapiga kelele hadi mate yanamkauka, akiuhubiria mlango wa loliondo. Nikalia palepale kwenye kizingiti, mtu mzima, na redio inaendelea.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, nilishuka kwa kaka. Nyumba yake ni ya mbao za msaiprasi, mlango mwembamba unaovutwa kwa kamba. Nilisimama pembeni inavyotakiwa.

"Hodi," nikasema.

Ndani redio ndogo ilikuwa inasoma habari. Ilipunguzwa sauti. Nilimsikia anakohoa. Nikapiga ya pili, nikaongeza shikamoo. Nilisikia kiti kinalia. Nikapiga ya tatu. Na hapo kaka yangu mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe ambayo nimeisikia tangu sijajua kutembea, akanijibu kutoka ndani.

"Hayupo."

Nilisimama pale nisijue nicheke au nifanye nini. Nikasema, "Basi akirudi mwambieni mdogo wake alipita."

"Ataambiwa," akasema.

Kesho yake nilirudi. Hodi, hodi, hodi. Hayupo. Akirudi mwambieni mdogo wake alipita. Ataambiwa. Keshokutwa tena. Ikawa ndiyo kazi yangu. Shemeji alikuwa ananipita na ndoo zake, anatikisa kichwa, anaingia ndani bila kusema kitu, maana huo ulikuwa ugomvi wa wenyewe. Mara nyingine nilimwongezea habari kwenye ule ujumbe wangu. Nilisema mwambieni sikuisikia hodi yake, mlango ni mnene. Akajibu ataambiwa. Nilisema mwambieni kwamba nilikuwepo wakati zege linakorogwa, na niliona, na niliruhusu. Siku hiyo hakujibu kabisa. Nilingoja sana, kisha nikapanda kwenda zangu, na usingizi sikupata. Siku iliyofuata alijibu "hayupo" kama kawaida, na sijawahi kufurahishwa na neno hilo namna ile.

Hayo yalikuwa ya jioni. Asubuhi nilikuwa na kazi nyingine. Mlango wa baba ulikuwa umetupwa nyuma ya choo, uso wake wote umevaa ganda la saruji, kavu kama jiwe. Niliuinua peke yangu, nikauweka juu ya mapipa mawili, nikatafuta patasi na nyundo ndogo. Saruji haitoki kwenye mbao kwa hasira. Ukipiga kwa nguvu inatoka na nyama ya mbao. Unapiga kidogo, unasikiliza, unasogea. Bandu bandu, kama walivyosema, mpaka gogo liishe. Ilinichukua karibu mwezi. Chini yake nilikuta mistari ya randa ya baba, lakini si kote. Sehemu nyingi makoleo yalikuwa yamekwisha kula, na kwenye vishimo vile saruji ilikataa kutoka, ikabaki madoa ya kijivu kama ukurutu. Niliacha. Ule ufa wa katikati nao ulikuwa umejaa zege kutoka juu hadi chini. Huo niliusafisha kwa msumari.

Nilimwita yule seremala. Nikamwambia autoe mlango wake, apachike huu. Akaniambia mzee, huu hata jikoni hauendi. Akaniambia fremu ni kubwa, itabidi apachike mbao pembeni na juu. Akaniambia mpira hautashika, upepo utaingia, nitakuwa nimejenga nyumba ya mawe ya unene ule halafu nimeipa mlango wa kuku. Yote yalikuwa kweli. Nikamwambia apachike. Loliondo tukaisimamisha stoo, ikiwa na bawaba zake nne na mpira wake, na ilipoingia mle nikamkumbuka mke wangu na utani wake, nikashindwa kumweleza seremala kwa nini nacheka.

Baridi iliingia siku hiyohiyo. Niliisikia kwenye vifundo vya miguu. Nilikaa na koti ndani ya nyumba, mbele ya moto, na kwa mara ya kwanza nikasikia mahali ninapoishi. Nilisikia ndege. Nilisikia wanawake wanaopita njia ya kanisani wakisemana. Nilisikia jani la mgomba linavyochanika. Jirani wa juu alipiga hodi moja tu, nikaitikia kwa sauti kubwa mpaka akashtuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nimeisema methali hiyo maisha yangu yote kwa watalii, nikiwa nimeshika mabegi yao, bila kujua mgonjwa ni nani. Lakini kiti cha pili mbele ya meko nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya mtu mmoja, na kiti hicho jirani alipotaka kukikalia nilimsogezea kingine.

Habari za mlango sikumpelekea kaka. Sikutaka ionekane kama nalipa deni. Niliendelea kushuka jioni na kupiga hodi zangu tatu, yeye akaendelea kutokuwepo.

Halafu ikaja jioni moja ya mwezi wa nane, ukungu umeanza kupungua na mlima umeonekana kidogo kwenye mabega. Nilisimama pembeni ya mlango wa kaka. Nilipiga hodi ya kwanza, na kabla sijafika ya pili redio ikazimwa. Si kupunguzwa, ilizimwa.

"Hayupo," kaka akasema. Kisha akakohoa. "Ameenda kwako."

Nikamwambia, "Basi ngoja niwahi, asije akanikosa."

Nilipanda ile njia kama sijatimiza sitini na tatu. Nilipitia katikati ya kahawa kufupisha, nikajikwaa, nikaendelea. Nilifika nikachochea moto, nikaweka chai, nikasogeza kiti chake mbele kidogo. Kisha nikaufunga mlango. Ningeweza kuuacha wazi nisimame nje nimlaki, lakini niliona hapana. Alikuja mara tatu akapiga hodi na hakuitikiwa. Itikio la ile hodi alikuwa ananidai.

Nikakaa ndani, jicho kwenye ufa, kama zamani. Alichukua muda mrefu; mguu wake mmoja haumsaidii siku hizi. Kwanza nilisikia fimbo kwenye mawe ya njia, kisha kwenye ngazi. Kichwa chake kikaonekana, halafu mabega, halafu akasimama. Alikuwa amebeba sufuria lililofunikwa kwa sahani. Alianza kuweka koo sawa ili apige hodi, na hapohapo akauona mlango. Aliliweka sufuria chini. Mkono wake ukapita mbele ya ufa, ukanizibia mwanga, nikasikia kiganja kinavyokwaruza kwenye madoa ya saruji, polepole, kutoka juu hadi pale palipo na mistari ya randa, kikatulia hapo. Tulikuwa tumetenganishwa na unene wa ubao mmoja. Nilimsikia akipumua.

"Hodi," kaka akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nilikuwa nimeshaitikia kabla hajalimaliza neno.